Amri ya Ng'ombe Imefutwa

Jumatatu, 7 Novemba 1960

Faki amemkosha ng'ombe kabla ya kunawa uso wake mwenyewe. Kama kila siku. Amemsugua kwa kumbi la nazi, amemwimbia, amemlisha majani kwa mkono. Chai nimekunywa peke yangu. Tumeoana miaka minane na Mungu hajatupa mtoto. Katupa Haambiliki. Ndilo jina la ng'ombe, ingawa si yeye tu asiyeambilika nyumba hii.

Shuleni nimefundisha kugawanya. Wasichana wawili wamelia. Nusura nilie nao.

Jioni Bwana Mifugo alipita na baiskeli yake. Akamtazama ng'ombe macho na ulimi, akasema yu mzima. Kisha akaisoma ile amri kwa kichwa, kama anavyoisoma kila akija. Ng'ombe asitoke mudiria moja, yaani nchi anayoitawala mudir mmoja, kwenda ya mudir mwengine. Ng'ombe akiugua asichinjwe. Akifa asichunwe, afukiwe kwa chokaa. Malisho yaliyofungwa yasikanyagwe. Faki aliitikia kila kifungu kwa adabu. Baiskeli ilipopinda kona akatema mate.

"Tangu amri hino ije hatujaona ng'ombe mgonjwa," akasema. "Sasa ya n'ni?"

Hata mimi imenichosha, maana Faki akinuna kwa sababu ya amri anayenuniwa ni mimi.


Alhamisi, 10 Novemba

Baraza kubwa leo uwanjani. Uchaguzi unakaribia, wagombea wamekuwa wengi kama uyoga.

Wa kwanza aliahidi skuli mpya. Watu wakakohoa. Wa chama kingine akaahidi kwamba amri ya ng'ombe itaondoka. Watu wakasimama. Wazee ambao kusimama kwenyewe ni kazi, wakasimama. Jioni wa kwanza akarudi na yeye akaahidi amri itaondoka, tena mapema zaidi. Vyama hivi haviungani hata kwenye maziko. Leo vimeungana. Sikupenda.

Najua watu wanataka nini. Wanataka mchezo wa ng'ombe, mtu na kitambaa mbele ya pembe, kama ulivyokuwa zamani, ng'ombe wa Pemba nzima uwanja mmoja, kabla ya mvua za masika. Siku hizi kila mudiria inacheza na ng'ombe wake yenyewe. Faki anasema ni kama kucheza bao na mkeo: hata ukishinda unalala njaa.


Jumapili, 20 Novemba

Basi la Wete limeleta habari. Huko kaskazini amri imefutwa.

Sheha Kombo alikuja kukaa barazani kwetu, akaeleza sababu kama alivyozisikia. Mlinzi wa njiani, anayezuia ng'ombe wasivuke, anataka mshahara. Bwana Mifugo wa kule anaumwa na hakuna wa kumshikia nafasi. Watu wananung'unika, na mwaka wa uchaguzi manung'uniko yanasikika mpaka ofisini. Na ugonjwa wenyewe haupo. Kwa hiyo wameandika kwamba amri haihitajiki tena.

Nilimuuliza Sheha kama kuna mtu aliyekwenda kuangalia ng'ombe. Alinitazama kama nimemuuliza bei ya mwezi.

Faki hakula. Furaha imemjaa tumboni.


Jumatano, 30 Novemba

Mji mzima wimbo mmoja. Wenzetu wamefunguliwa, sie tu punda? Kwenye kisima, dukani kwa Mhindi, msikitini. Wiki mbili nyuma watu walikuwa wanaichukia amri kama wanavyochukia mbu, yaani waliizoea. Sasa inawauma kweli. Kinachowauma si amri. Kinachowauma ni kwamba jirani hanayo.

Sheha na wazee walikwenda kwa mudir. Faki alikwenda nao kwa kanzu ya Idi. Mudir akawaambia hajapata lalamiko lolote kutoka kaskazini, kwa hiyo haoni sababu ya kukataa. Siku ngapi hizo? Hata embe haliwivi. Lakini nilimtilia chai tu. Sijamwona mume wangu akicheka hivi tangu harusi yetu.


Jumamosi, 3 Desemba

Imefutwa na kwetu. Mpiga mbiu amepita na pembe lake toka asubuhi. Watoto wakimfuata. Faki ameninunulia doti ya kanga na mimi nimeipokea kwa mikono miwili, kwa nini niseme uongo.

Bi Mize, mama yake Faki, alikuwa anachambua mchele. Akauliza bila kuinua uso: "Na wale ng'ombe wa ugonjwa waliozikwa kule kaskazini, kwenye malisho yaliyofungwa?" Makame, mdogo wake Faki, akacheka. "Mama, mifupa haiumi." Bi Mize akaendelea na mchele.

Bwana Mifugo amekuja kuaga. Hana kazi tena huku, amerudishwa Unguja. Nilidhani atakuwa na uchungu. Hana. Anasema magoti yake yamechoka na vilima vya Pemba. Nikamuuliza ugonjwa huo wa amri, kimeta, unafananaje, nijue tu. Akasema kwa kile Kiunguja chake cha mjini: "Mwalimu, mie sijauona. Nimeusoma." Akapanda baiskeli.

Wakati wa mpunga tunaweka watu wa kuamia ndege. Ndege wakiona wanaamiwa hawaji. Hakuna mtu mwenye akili anayesema ndege hawaonekani, basi mwamiaji aende nyumbani. Nilimwambia Faki hivyo. Akaniambia nisimharibie siku.


Ijumaa, 9 Desemba

Tumealikwa kaskazini, mchezo mkubwa, Jumamosi ya wiki ijayo. Na uwanja waliouchagua ni yale malisho yaliyofungwa. Wanasema hakuna mahali penye nyasi kama pale. Bila shaka. Hazijaliwa na ng'ombe tangu yalipofungwa. Seng'enge zimeshang'olewa, watu wamejengea mabanda ya kuku.

Mudiria ya tatu nayo imepeleka wazee kwa mudir wao. Hoja yao ni hiyohiyo, na sasa wana mifano miwili badala ya mmoja. Sheha anasema mwisho wa mwezi watapewa. Hasemi "huenda".

Nina hofu. Naijua hofu yangu: pembe. Mwaka juzi mtu alitobolewa paja. Kila nikifumba macho naona Faki anateleza.


Jumamosi, 17 Desemba

Nimerudi, miguu inawaka, sauti sina. Tuliimba toka asubuhi, sisi wanawake, juu ya lori na uwanjani. Nitaandika haya kabla sijalala.

Uwanja mzuri kweli. Nyasi zinafika gotini. Pembeni bado kuna mawe yaliyopakwa chokaa, yamesimama mstari, hakuna aliyejisumbua kuyaondoa. Ng'ombe walifungwa hapohapo, wakala mpaka matumbo yakalia. Haambiliki hakuridhika na kula tu. Alichimba. Alipiga pembe chini, akafumua udongo, akajirushia mgongoni, akaupuliza, akaulamba. Watu wakashangilia, wakasema huyo ana hasira za kweli. Vumbi likatufikia sisi waimbaji. Nilitema.

Alicheza vizuri. Naandika haya mimi niliyemwonea wivu. Faki alimkabili na kitambaa, akamzungusha, akampigia magoti mbele ya pembe, mji mzima ukalia "Yakhe!" Mara moja tu pembe lilimpitia mkononi, chini ya kiwiko. Mchubuko. Damu kidogo. Nilimfunga kwa ukingo wa kanga yangu mpya.

Nilichokiogopa kimepita. Alhamdulillahi.


Jumatano, 21 Desemba

Haambiliki hali.

Jana alikuwa mzito, Faki akasema ni uchovu wa njia. Leo asubuhi anatetemeka miguu ya nyuma na pumzi yake ni ya haraka. Puani damu, nyembamba, nyeusi. Faki amekaa naye bandani, amekishika kichwa chake.

Nilimtuma mtoto wa jirani amwite Bwana Mifugo, kisha nikakumbuka hayupo.


Jumatano hiyohiyo, baada ya Laasiri

Imekwisha.

Alianguka adhuhuri, nyuma ya nyumba, pale penye uwazi. Bi Mize alitoka mbio, sijawahi kumwona anakimbia. "Wahini kisu! Asije akafa nyamafu!" Na hiyo ndiyo akili ya kila mtu hapa, yangu pia. Ng'ombe mzima wa mtu asigeuke mzoga kwa sababu ya uzembe wa dakika mbili. Kisu kikiwahi ni halali, kikichelewa ni haramu. Hakuna aliyefikiria kitu kingine. Sheha alikuwapo. Watu walimtazama. Akasema hakuna amri inayokataza, na alisema kweli.

Makame akachinja. Bismillahi ilisikika. Damu ilitoka nyeusi kama maji ya kukoshea sufuria na haikuganda. Ilienea tu, ardhi ikainywa.

Kuchuna, Faki hakumwachia mtu. Alisema hakuna mkono mwengine utakaomgusa. Akachuna analia, na kile kitambaa cha kanga mkononi kikalowa damu, akakivua akakitupa, akaendelea.

Nyama imegawiwa nyumba zote. Fungu letu nimelipika, nikalichemsha muda mrefu maana ilikuwa na harufu nisiyoipenda. Sikula. Si kwa busara. Kwa huzuni tu. Nilikuwa na chuki na yule ng'ombe miaka yote na leo siwezi kumtia mdomoni.


Jumapili, 25 Desemba

Faki ana kitu mkononi. Palepale penye mchubuko. Kilianza kama alama ya kuumwa na mbu. Juzi kikawa lengelenge. Leo katikati pameingia weusi, kama kaa la moto lililozimika, na pembeni pamevimba.

Haliumi. Hilo ndilo linalonitisha na ndilo linalompa yeye kiburi. Analibonyeza mbele yangu anacheka. Jipu lisilouma si jipu, anasema. Nimemwambia twende hospitali Chake Chake. Amesema haendi kuchekwa na madaktari kwa jipu lisilouma.

Bi Mize amelitia dawa ya majani. Alipoliona alisema ameshawahi kuona kitu hiki mahali, hakumbuki wapi. Nimemuuliza mara tatu. Amekasirika. Hakumbuki.


Jumatatu, 26 Desemba

Mkono umevimba mpaka begani. Homa. Amekataa tena, lakini sauti ya kukataa imepungua.

Makame naye ana kipele kidoleni, kimeanza kuwa cheusi katikati. Amekuja kunionesha kwa siri, kama mtoto aliyevunja kikombe. Nimempandishia sauti. Nimemwambia aende hospitali kesho na sisi, la sivyo nitamwambia mama yake. Mtu mzima mwenye ndevu. Amekubali.

Mjini wanasema ni husuda. Ng'ombe wa Faki aliwatia aibu watu wa kaskazini na watu wa kaskazini wana waganga. Nimeambiwa jina la mganga, jina la kijiji chake, na dawa aliyotumia. Hakuna hata mmoja aliyetaja nyama. Nyumba zote ziliila.


Jumanne, 27 Desemba

Chake. Naandika nyumbani kwa dada yangu, mtaa wa Tibirinzi. Faki yuko hospitali. Shingo imevimba, anapumua kwa kelele.

Daktari ni Mhindi, mtu mzima. Alitazama mkono, hakuugusa. Akauliza swali moja: "Mmechinja ng'ombe mgonjwa?" Niliitikia. Akapiga meza. Akasema kuna amri, amri imewekwa kwa sababu hii hii, nyinyi watu mna nini? Faki akafumbua macho. Kwa sauti ambayo sikuijua akamwambia: "Ishafutwa, daktari."

Daktari hakujua. Hakuna aliyemwambia. Akaagiza sindano. Faki amepigwa, Makame amepigwa. Makame atapona, amekuja mapema. Kuhusu Faki daktari alisema tuombe Mungu. Nimeishi na watu wa kutosha kujua maana ya maneno hayo.

Ninamchukia yule mgombea. Ninamchukia na yule mwengine. Ninamchukia Sheha na kanzu ya Idi na pembe la mpiga mbiu. Mimi mwenyewe nilipokea kanga.


Jumatano, 28 Desemba

Faki amefariki alfajiri.

Tumemleta nyumbani kwa lori. Amezikwa baada ya Laasiri. Vyama vyote viwili vilikuja.


Jumanne, 10 Januari 1961

Niko edani. Sitoki. Wasichana wa shule yangu wanafundishwa na mtu mwengine, sijui kama wameshajua kugawanya. Naona dunia kupitia dirisha la nyuma na kwa maneno ya wanaokuja kunipa pole.

Makame amepona. Kidole kimebaki na kovu. Wazee wawili wa upande wa pwani waliugua tumbo vibaya baada ya ile nyama, mmoja amezikwa wiki iliyopita. Watu wamesema ni uzee.

Leo alikuja bwana mmoja wa serikali pamoja na Sheha Kombo. Alikaa barazani, mimi nikazungumza nyuma ya pazia. Nilimweleza kila kitu: malisho, udongo, damu isiyoganda, mkono. Nilizungumza kama ninafundisha, polepole, nikirudia. Alikuwa mtu wa adabu. Alisema ni msiba mkubwa. Nikamuuliza amri inarudi lini. Akasema kurudisha si kama kufuta. Kufuta mudir mmoja anaweza, na mwengine akamfuata. Kurudisha lazima wakubaliane wote, na hakuna atakayekubali kuwa wa kwanza kabla ya uchaguzi. Baada ya uchaguzi itazungumzwa.

Ndipo Sheha akakohoa, akasema mudiria ya tatu imeshafutiwa. Lini? Wiki ile tulipokuwa tunasoma hitima. Kwa sababu gani? Kwa sababu mudiria mbili za kwanza zilifuta na hazikuleta malalamiko.

Sijui nilisema nini. Bi Mize anasema nilicheka.

Nimefikiri sana. Habari ya kufutwa ilikwenda kwa pembe na lori, kila mtu alikuwa na fahari ya kuipeleka. Habari ya Faki hakuna anayetaka kuibeba. Ukiibeba ni lazima useme kwamba na wewe ulikula. Kwa hiyo huko inakofika, inafika ikiwa habari ya uganga.


Alhamisi, 2 Februari

Makame amekuja na habari, amekaa mlangoni, anazungusha kofia mikononi. Kesho kutwa kuna mchezo. Hapa kwetu. Zamu yetu ya kualika. Uchaguzi umepita bila mshindi, wanasema utarudiwa, na amri haijazungumzwa. Ng'ombe wanatoka mudiria zote tatu, na huko Unguja nako wameanza kuuliza kwa nini wao wamesahauliwa.

Wapi? nikamuuliza. Akatazama chini. Pale nyuma ya nyumba. Penye uwazi. Mvua zilizopita zimeotesha nyasi nzuri pale.

Nimemwambia Makame: wewe ulishika kisu, wewe uliona damu imeingia wapi. Nenda kawaambie. Amesema wakimuuliza kwa nini anajua, atasema nini? Nyama aliigawa yeye. Watoto wa yule mzee aliyezikwa bado wanamsalimia.

Nikamwita Bi Mize. Amekwenda yeye, na bakora yake, mpaka kwa Sheha. Amewaeleza yote, na amekumbuka sasa. Amekumbuka mjomba wake aliyekufa na weusi mkononi, yeye Bi Mize akiwa msichana, kabla ya amri. Wamemsikiliza mpaka mwisho. Wamempa maji. Wamemwambia wanajua uchungu wa mtoto.

Mimi edani. Siwezi kusimama uwanjani nikapiga kelele, na hata ningesimama ningekuwa mjane anayepiga kelele.

Baada ya Magharibi Sheha ameleta salamu. Anasema wameyafikiria maneno yetu. Mchezo hauwezi kuhamishwa, wageni wameshaalikwa. Lakini wanajua nyumba hii ina eda, na wanaiheshimu. Ngoma zitapigwa polepole.


Jumamosi, 4 Februari

Ng'ombe waliingia toka asubuhi, mmoja mmoja, na kamba zao mpya. Nimefunga dirisha, nikalifungua, nikalifunga. Bi Mize amelala, ameelekea ukutani.

Wamecheza mpaka jua linazama. Nyasi zimekwisha.

Sheha ni mtu wa ahadi. Ngoma zimepigwa polepole.